Mistari Ambayo Sikuichora

Ninayo karatasi moja ya grafu, imekunjwa mara nne, niliyoihifadhi ndani ya daftari la zamani la maandalio ya masomo. Kwenye pembe yake ya chini kuna doa la mafuta ya kupikia, limegeuka rangi ya chai kwa jinsi lilivyokaa. Juu yake kuna mistari miwili ya penseli inayokatana, na pale inapokatana nilichora kiduara kwa kalamu nyekundu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikitazama kiduara kile kwa fahari. Siku hizi nikiifungua karatasi, macho hayaendi tena huko. Yanashuka kwenye sehemu nyeupe iliyo chini yake, na hapo hukaa muda, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyowahi kuishi na sasa hakumbuki vizuri mlango ulikuwa upande gani.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, sekondari. Mada ninayotaka kuisema hapa tunaiita darasani kwa jina lake la kigeni, inekwaliti, kwa sababu kuanzia Kidato cha Kwanza masomo yetu huenda kwa Kiingereza. Nikiwa peke yangu napenda kuiita kutolingana. Mlinganyo unasema upande huu ni sawa na upande ule, na ukiuchora kwenye grafu unapata mstari mwembamba, basi. Kutolingana kunasema upande huu hauzidi upande ule. Ukikuchora, mstari unabaki kuwa mpaka tu, na jibu lenyewe ni nchi nzima iliyolala upande mmoja wa mpaka huo.

Nilipokuwa mwanafunzi sikuipenda mada hii. Nilipenda milinganyo, kwa kuwa ilinipa jibu moja ambalo ningeweza kulipigia mistari miwili chini yake na kuweka kalamu. Kutolingana kulinipa majibu yasiyohesabika, nami nilihisi kwamba hesabu yenye majibu mengi hivyo ni hesabu ambayo haijaisha. Nadhani kulikuwa na kitu ndani yangu, zaidi ya hesabu, kilichotaka mambo yaishe. Hata katika maneno ya watu nilitaka kujua nani kasema kweli na nani kakosea, kisha tuendelee na mengine. Baadaye nilisoma kwamba alama ya sawa na, vile vistari viwili vilivyolala sambamba, ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557, na kwamba alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko hazikuonekana kitabuni mpaka mwaka 1631, katika kazi ya Thomas Harriot iliyotolewa miaka kumi baada ya yeye mwenyewe kufariki. Ni miaka 74 kati ya alama moja na nyingine. Sijui kama tofauti hiyo ina maana yoyote, maana mambo ya uchapaji yana sababu zake. Lakini ilinifariji kuona kwamba hata walionitangulia waliandika usawa kwanza, na kutolingana kukasubiri.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapa wanafunzi njia ya mkato. Niliwaambia alama ikiwa ya kubwa kuliko, upande unaotakiwa uko juu ya mstari, na ikiwa ya ndogo kuliko, uko chini. Walifurahi, nami nikafurahi kuwaona wanafurahi. Njia ile ilifanya kazi katika mifano yote niliyoiandika ubaoni, kwa sababu mifano yenyewe niliichagua mimi.

Ukaja mtihani wa moko. Katika swali mojawapo waliletewa x − y ≤ 4, na binti mmoja aliyekuwa akikaa karibu na dirisha akaona alama ya ndogo kuliko, akachukua upande wa chini. Upande wa chini ndio uliokuwa na kosa. Herufi y imetanguliwa na alama ya kutoa, na ukitaka kuiweka peke yake njia ya kawaida ni kuzidisha kila kitu kwa hasi moja, na ukizidisha kwa hasi alama inageuka na kuelekea kwingine. Jibu liko juu ya mstari. Yule binti alinijia na karatasi yake baada ya masahihisho, akasimama mbele ya meza yangu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mbona nimefuata ulivyotufundisha?"

Nilimwambia hakuwa makini na alama ya kutoa. Hilo lilikuwa kweli, lakini nililisema ili nijifiche nyuma yake. Hakuwa amekosa umakini, aliniamini. Na kipindi kilichofuata niliingia darasani na njia nyingine, ile iliyo sahihi, nikaifundisha kana kwamba ni hatua inayofuata ya somo, wala sikusema kwamba ya mwanzo ilikuwa mbovu na kwamba ilitoka kwangu. Yule binti aliandika kila kitu kwenye daftari lake bila kuinua uso. Nimewahi kuomba radhi kwa watu wengi kwa makosa madogo kuliko lile. Kwake sikuomba, na sasa sijui yuko wapi.

Njia sahihi ni hii. Ukishachora mstari, usiiangalie alama na kukisia. Chagua nukta moja isiyokuwa juu ya mstari, chukua namba zake, zipeleke kwenye kile kilichoandikwa, uone kama kauli inasimama. Wengi wetu tunachagua pale mihimili inapokutana, sifuri na sifuri, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Sifuri kutoa sifuri ni sifuri, na sifuri haizidi 4, kwa hiyo upande ule wenye sifuri ndio wenyewe. Nukta moja inatosha kulisemea eneo zima. Ila mstari wenyewe ukipita kwenye sifuri, nukta ile haina la kukuambia. Imekaa mpakani, na aliyekaa mpakani hawezi kukuonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje. Hapo itabidi utoke, uende ukaulize nukta nyingine iliyo mbali kidogo, hata kama hesabu yake ni nzito.

Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kulifundisha ni kitu kimoja.

Mama yangu alikuwa akipika maandazi na chapati, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Alikuwa akiukanda unga wa maandazi usiku, kwa tui la nazi na iliki, anaufunika kwa kitambaa cheupe na kuuweka mbali na dirisha. Saa kumi alfajiri jiko la mkaa linawaka. Nililala na kuamka na sauti zile: kibao cha chapati kikigonga meza, mafuta yakichemka karaini, kisha kishindo chepesi maandazi yanapomiminwa kwenye sinia lililotandikwa gazeti. Ada ya shule yangu ilitoka katika sinia lile, na nauli ya kwenda chuo, na hata saa ya mkononi niliyoivaa siku nilipoingia darasani mara ya kwanza kama mwalimu.

Likizo ya mwaka ule wa kwanza nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi za grafu kwenye begi. Nilikuwa nimetoka kufundisha mwisho wa mada, ile sehemu ambapo unachora mistari kadhaa ya kutolingana, unapata eneo moja lililozungukwa, kisha unatafuta ndani yake nukta yenye faida kubwa kuliko zote. Nikamwambia Mama nataka kumsaidia kupanga biashara. Alinitazama kwa furaha ambayo mpaka leo naiona, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda.

Nilimuuliza maswali na kuandika. Unga wa ngano, kilo 6 kwa siku, ndio aliokuwa akiweza kununua. Muda, saa nne, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, wateja wa chai wanapokwisha. Kilo moja ya maandazi ilimchukua nusu saa jikoni, na kilo moja ya chapati saa nzima, kwani chapati husukumwa na kuchomwa moja moja. Faida, kwa bei za siku zile, ilikuwa shilingi 300 kwa kilo ya maandazi na 400 kwa kilo ya chapati. Nikaziita kilo za maandazi x na za chapati y. Unga ukanipa mstari wa kwanza, x + y ≤ 6. Muda ukanipa wa pili, x + 2y ≤ 8. Nikachora kwa rula, nikashedi upande usiotakiwa kama tulivyozoea, ili eneo lenye majibu libaki jeupe. Vitabu vingine hushedi upande unaotakiwa, na wanafunzi wangu huchanganyikiwa kwa hilo kila mwaka, lakini mimi napenda njia yetu, kwa kuwa mistari ikiwa mingi vivuli hupandana na ule weupe mmoja uliobaki huonekana upesi.

Mama aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole. Nadhani doa la mafuta ndipo lilipotokea. Akauliza, "Hapa peupe ndipo ninapoweza kufanya kazi?"

"Ndiyo, Mama. Popote hapo."

"Na mimi niko wapi?"

Alikuwa akipika kilo 3 za maandazi na 2 za chapati. Nikaweka nukta. Ilikuwa ndani ya eneo jeupe, mbali kidogo na mistari yote miwili.

"Basi niko ndani," akasema.

Nilimweleza kwamba kuwa ndani hakutoshi. Faida kubwa iko kwenye kona, na kona nzuri kuliko zote ilikuwa pale mistari inapokatana, kilo 4 za maandazi na 2 za chapati. Pale angepata shilingi 2,000 kwa siku, na alipokuwa amesimama alikuwa akipata 1,700. Nikachora kiduara chekundu. Nikamwambia kila siku anaacha shilingi 300 mezani. Nilisema hivyohivyo, mbele ya mdogo wangu na mbele ya jirani aliyekuja kuchukua chapati zake.

Mama hakubishana. Alisema, "Sawa, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," na kwa siku chache akapika kama nilivyomwelekeza. Kisha nikarudi kazini. Nilipokuja tena likizo iliyofuata alikuwa amerudi kwenye kilo 3 na kilo 2, na nilipouliza akasema tu kwamba ile nyingine ilimchosha. Nikaona ni mazoea ya wazee. Na hapa ndipo linapokaa lile ambalo nisingependa kulisema. Kwa miaka kama kumi hivi nilimtumia mama yangu kama mfano darasani. Sikumtaja kwamba ni mama yangu. Nilisema, kuna mama mmoja muuza maandazi, yuko ndani ya eneo lakini hayuko kwenye kona, na hajui kwamba kila siku anapoteza. Wanafunzi walikokotoa hasara yake kwa mwezi, kwa siku 26 za kazi, wakapata shilingi 7,800. Waliiandika kwenye madaftari yao. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimetoka mikononi mwangu vikiwa na mama yangu daftarini, akipoteza.

Aliyenisimamisha alikuwa mvulana wa Kidato cha Nne, mkimya, ambaye hakuwa akifanya vizuri sana katika mitihani. Siku hiyo nilikuwa nimeshamaliza mfano na nimeshika kifutio. Akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Huyo mama, akishapika kilo tatu na kilo mbili, anakuwa ametumia saa tatu na nusu. Ile nusu saa alikuwa anafanya nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba swali halikuuliza hivyo. Mdomo nilishaufungua. Kisha nikauona mswala wa Mama.

Nilijua. Hilo ndilo lililonikalisha chini siku ile, kwamba sikuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote. Adhana ya alfajiri ikilia Mama alikuwa akiliepua karai, analiweka chini pembeni ya ukuta, anafunika makaa kwa majivu ili yasiishe. Anachukua maji, anatawadha pale uani, anatandika mswala wake kwenye kibaraza cha ndani. Mimi mtoto nilikuwa nikiamka kwa ule ukimya kuliko kwa adhana, kwa maana kibao cha chapati kilikuwa kimenyamaza. Baada ya swala hukaa na tasbihi yake mpaka kunapambazuka kidogo, ndipo anapoyafukua makaa. Nusu saa, pengine dakika chache zaidi. Niliihesabu saa kumi mpaka saa mbili kana kwamba hakuna kitu katikati, mimi niliyekua katikati yake.

Na ile kilo ya unga, maana 3 na 2 ni 5, wala si 6. Hiyo pia niliijua. Niliibeba mwenyewe, kwenye bakuli la bati, kupeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, au kwa yule bibi aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya msikiti. "Mpelekee, mwambie atarudisha akipata." Siku nyingine hakuja mtu, na ile kilo ikasubiri kesho, siku ambayo duka lingechelewa kufunguliwa au bei ingekuwa imepanda. Katika zile siku chache alizonifuata mimi, nadhani kuna mtu alikuja na bakuli akarudi nalo tupu. Mama hakuniambia. Aliniambia tu kwamba imemchosha.

Kipindi kilipoisha sikwenda ofisi ya walimu. Nilikaa kwenye dawati la nyuma, nikaitoa karatasi, na chini ya mistari ya zamani nikachora mingine miwili. Unga wa kupika ni kilo 5, siyo 6: x + y ≤ 5. Muda wa jiko ni saa tatu na nusu: x + 2y ≤ 7. Kila mstari mpya ulikuwa sambamba na wa zamani, umesogea ndani kidogo. Nikatafuta inapokatana. Toa wa kwanza katika wa pili, y ni 2. Basi x ni 3.

Nilirudia hesabu mara tatu. Nikapima na kona nyingine za eneo jipya, moja inatoa 1,500 na nyingine 1,400, na ile ya kukatana inatoa 1,700. Mama alikuwa amesimama kwenye kona siku zote. Ilikuwa kona ya mistari ambayo mimi sikuichora.

Sitaki kulifanya jambo hili zuri kuliko lilivyo. Katika siku zilizofuata niliingiwa na shaka ambayo haijaniacha. Mtu akitaka, anaweza kuchora mistari mpaka nukta yoyote iwe kona. Ningeweza kufanya hivyo hata kwa mfanyabiashara mzembe, nikamtungia mipaka inayomtetea. Huenda nilikuwa nikilipa deni la majuto kwa hesabu, na namba zikawa na huruma. Na liko jingine linalonisumbua zaidi. Nikiandika swala ya mama yangu kama mpaka, kama kitu kilichompunguzia saa nne zikawa tatu na nusu, nimeiweka mahali pake kweli? Sidhani kama yeye aliiona hivyo. Huenda jiko ndilo lililokuwa mpaka, na kile alichokuwa akikitafuta kiwe kikubwa kadiri inavyowezekana hakikuwa shilingi. Sina namna ya kulichora hilo. Nimejaribu.

Wakati huo nilikuwa nikisoma juu ya watu walioianzisha elimu hii ya kutafuta kona bora. Leonid Kantorovich, kule Leningrad, aliifikia mwaka 1939 akitafuta namna ya kugawa kazi kwa mashine za kiwanda cha plaiwudi. George Dantzig, Mmarekani, mwaka 1947 akabuni njia ya kuruka kutoka kona moja hadi nyingine mpaka ikosekane kona bora zaidi, na njia hiyo inatumika hadi leo. Kati yao George Stigler, mwaka 1945, alikuwa ametafuta chakula cha bei ndogo kabisa kinachoweza kumlisha mtu mzima mwaka mzima, akapata dola 39.93 kwa bei za mwaka 1939, kwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabeji, spinachi na maharage. Mwenyewe alikiri kwamba hakuna anayempendekezea mtu chakula hicho. Nilipenda kukiri kwake.

Lakini aliyenigusa ni Dantzig. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari alimshauri apunguze mwili, naye akaamua kompyuta impangie chakula kwa njia yake mwenyewe. Ikamwambia anywe galoni 500 za siki. Akaiondoa siki kwenye orodha. Ikamwambia ale vidonge vya supu 200 kwa siku. Asubuhi akajaribu kuyeyusha vichache tu kwenye maji ya moto, akashindwa kumeza kwa chumvi. Hakuna aliyeuandika mstari wa chumvi. Ilibidi auongeze, kisha mwingine, na mwingine, na mwishowe ni mkewe, Anne, aliyempangia chakula, naye akapungua. Niliisoma habari ile mara mbili usiku huohuo. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba, na alisahau chumvi. Nilitamani yule mvulana wa Kidato cha Nne awepo nimsomee.

Hata hivyo, yule mvulana nilimjibu. Kipindi kilichofuata nilisimama mbele ya darasa nikasema yule mama ni mama yangu, na nusu saa ile alikuwa akiswali, na kilo ile ilikuwa ya majirani, na kwamba mimi nilijua yote hayo na sikuyaandika. Sauti yangu haikuwa imara. Niliwaomba watoe madaftari, tukachora upya. Niliwaambia pia kuhusu njia ya mkato niliyoitumia mwaka wangu wa kwanza, na kuhusu binti mmoja aliyeniuliza kwa nini. Darasa lilikuwa kimya. Mwanafunzi mmoja akauliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani. Nikamwambia hapana, na nikaona wengine wakiacha kuandika, na sikuwalaumu.

Siku hizi naanza mada hii tofauti, ingawa sina hakika kama naifundisha vizuri zaidi. Nawatuma wanafunzi kwa mtu anayefanya biashara ndogo, fundi cherehani, muuza mkaa, dada wa genge la mboga, na nawaambia wasiulize ana kiasi gani kwanza. Waulize siku yake inakwendaje, toka anapoamka. Wengi hurudi na kurasa tatu za maelezo na hawajui waanzie wapi kuandika x. Mwingine aliniambia, "Mwalimu, huyu mistari yake ni mingi, weupe haubaki." Nilimwambia akae nayo kidogo. Mpaka sasa sijapata jibu la kumpa. Labda kuna watu ambao mistari yao ikichorwa yote weupe kweli haubaki, na bado kesho yake wanaamka, wanawasha jiko.

Mwaka jana nilikwenda Tanga. Mama hapiki tena ya kuuza, magoti yamechoka. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaniitikia, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaitoa karatasi. Alilitambua doa kabla ya mistari. Nikamwonyesha ile miwili ya zamani, kisha miwili mipya, nikamwonyesha na mahali inapokatana, nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Ulikuwa hapa."

Alichukua muda mrefu akitazama. Alivuta karatasi karibu, akaisogeza mbali, kama anavyofanya siku hizi na maandishi yote. Kidole chake kikafuata mstari mmoja kutoka chini hadi juu, kikarudi.

"Hii nusu saa umeiweka," akasema. "Na ule unga wa bibi umeuweka. Vizuri, mwanangu." Akanyamaza, akatoa chuya mbili za mchele, akazitupia kuku. "Na Ramadhani je? Mwezi mzima chai ya asubuhi hakuna. Nilikuwa nikianza alasiri, na vitumbua juu yake, na tambi. Hiyo umeichora wapi?"

Nikaigeuza karatasi. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu. Nikamwomba mdogo wangu aniletee rula.